Mkate Ulionuka Soksi

Zunilda aliurudisha mkate kwa vidole viwili,
kama mtu aliyeokota panya mfu kwa mkia.
"Orfelina," alisema, "unga wako hauna neno.
Lakini huu unanuka soksi."

Soksi!
Mimi, niliyekanda tangu saa tisa za usiku,
nikanusa kila kinyunya kabla hakijaingia tanurini!
Nikamjibu kwamba pua yake ndiyo iliyovunda.
Nikabamiza mlango wa gari,
nikaendesha hadi darajani na matusi mdomoni,
na yale niliyoona haya kumtukana
nikayamalizia kwa simba wa bahari
waliojilaza kando ya soko la samaki, wameshiba, hawajali.

Nyani haoni kundule.
Pua nayo haisikii nyumba inamoishi.
Miaka minne nimekaa ndani ya uvundo ule
nikidhani ndiyo harufu ya mvua,
na hapa Valdivia mvua ni mpangaji asiyehama:
huingia Mei na mizigo yake,
na Septemba bado unamkuta ukumbini.

Kwanza nilifanya hila ya wavivu.
Nilitundika kiooni kijiti cha karatasi
chenye manukato ya msonobari.
Mikate ikanuka soksi zilizotoka kutembea msituni.
Mwanangu Baldo alionja kipande,
akacheka mpaka akapaliwa.

Basi Jumapili nikavua pete, nikapiga magoti.
Nikafungua viti kwa spana ya kuazima,
nikaviweka barazani, vikakaa pale
kama wageni wasiojua nani amewaalika.
Nikainua zulia.

Maji.
Si unyevu. Maji.
Na ndani yake peso kumi iliyoota kutu ya kijani,
stakabadhi ya mafuta iliyogeuka uji,
maganda ya karanga, pini ya nywele isiyo yangu
(hilo tuliache),
na ukungu mweupe, laini,
kama manyoya ya kifaranga cha siku moja.
Niliugusa. Nusura niuonee huruma.

Kukausha ni rahisi; kujua yanakotoka ndiyo kazi.
Baldo akalala kifudifudi ndani na tochi,
mimi nje na birika, namwagia kioo cha mbele
polepole, kama ninayemnawisha mgonjwa.
"Bado," akasema. "Bado. Bado.
Hapa! Linanidondokea sikioni!"
Chini ya kioo kulikuwa na tundu la kutolea maji
na tundu lilikuwa limeshiba majani
ya mti ule ule ninaousifu kwa kivuli
miezi miwili ya mwaka.
Nikachokora kwa waya. Nikachokora tena.
Gari likakojoa barabarani kama ng'ombe,
na majirani wakachungulia.

Kisha siki. Kisha magadi usiku kucha.
Kisha mkaa, na kwa kuwa sikuwa na vifuko
niliujaza ndani ya soksi za Baldo, safi, naapa,
nikaziweka nne chini ya viti.
Jumanne jua likatoka kwa saa mbili na nusu.
Nilifungua milango yote, na buti,
na nilisimama pale nikililinda lile jua
kama anayelinda maziwa jikoni.

Kwa Zunilda nilikwenda wiki iliyofuata.
Sikuomba radhi. Nilimpa mkate wa bure,
ambao kwa watu kama sisi
ni kuomba radhi pasipo kufungua kinywa.
Akaumega. Akaunusa, muda mrefu kuliko haja.
Akatafuna.
"Chumvi kidogo," akasema.

Nikarudi garini, nikafunga mlango taratibu.
Ndani hamkuwa na harufu yoyote.
Nikavuta pumzi tena, nikiitafuta,
kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa.

Na chumvi, kweli, ilikuwa imepungua.